Kiraka cha Buluu Kwenye Kofia ya Askari

Nianze na aibu yangu, ili mwenye kutaka kucheka acheke mapema tupate kuendelea. Kwa wiki nzima niliamini kwamba sisimizi waliokuwa wakipanda ukuta wa sebule yangu walikuwa wakifuata jasho la shujaa.

Kofia yenyewe niliinunua Bukavu, katika moja ya zile siku chache ninazovuka daraja la mpakani kuingia Kongo. Ni kofia ya kaki, ile ya kitambaa inayokunjika bapa kama bahasha na kuvaliwa upande. Sisi tuliokulia Kongo tunaiita kaloti. Muuzaji aliapa kwa mama yake kwamba ilivaliwa na askari wa Wabeleji, enzi za babu zetu. Ilikuwa na rangi ya vumbi, madoa ya kahawia na harufu ya kitu kilichoishi. Nikaitundika katikati ya ukuta, juu ya televisheni, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Picha ya harusi yetu iko chumbani, na mume wangu ameshalisema hilo mara kadhaa. Kesho yake sisimizi wakaja: mstari mmoja mnyoofu kutoka dirishani mpaka kwenye kofia, wakiingia na kutoka kama watu wenye kibali.

Mtu mwenye akili angewafagia. Mimi niliita majirani. Nilisimama mbele ya ukuta nikawaeleza kwamba jasho la binadamu lina chumvi isiyoisha, na kwamba wadudu hawa wanatambua kile ambacho macho yetu hayaoni. Nilisoma sekondari mpaka mwisho, kwa hiyo naweza kusema upuuzi kwa mpangilio mzuri. Jirani yangu anayeuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, ambaye mlango wake na wangu inatazamana, aliishusha kofia, akainusa, akaigusa kwa kidole kilicholowa mate, kisha akaweka kidole ulimini.

"Maman," akasema, "hii ni chai. Na sukari balitia mingi."

Ni kweli. Kwetu na Bukavu chai hupikwa na sukari yake humo humo kwenye sufuria. Yule fundi wa uongo, alipotaka kuizeesha kofia mpya, aliilowesha kwenye chai iliyobaki ya asubuhi. Fundi mwenye akili angechemsha majani matupu. Huyu wetu aliniuzia kofia iliyokwisha kutiwa sukari, nami nikaihubiria.

Siku hiyo, majirani walipokwisha kucheka na kwenda kuwaita wengine waje wacheke, niliapa kwamba hakuna kofia itakayonidanganya tena.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko barazani, hapa Kamembe, na mimi niko nyuma yake tangu asubuhi. Wengine husafiri, mimi hukaa, na kukaa nimekusomea. Makofia yalinianza kwa bahati tu: mteja mmoja aliacha kwangu furushi la nguo za kaguwa, yaani mitumba, akaenda asirudi, na ndani yake mlikuwa na kofia ya afisa wa nchi fulani ya mbali, nchi ambayo nadhani haipo tena. Niliigeuza nje ndani. Nilikuwa nimeshona kwa miaka mingi, lakini pindo kama lile sikuwahi kuliona, limelala kama limepigwa kwa rula, na kila tundu la uzi liko sawa na mwenzake. Sikupenda jeshi. Nilipenda pindo. Nikawa natafuta mapindo mengine, na kwa bahati mbaya mapindo mazuri ya zamani yako kwenye vichwa vya askari.

Mume wangu, mtu mpole, aliuliza mara moja tu kama najiandaa kumpiga vita. Watu wa mtaa wakaniita Maman Komanda. Mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa wetu, naye alikuja kuangalia, maana mavazi ya jeshi si jambo la mchezo, na ana haki. Nikamwonyesha zote kumi na moja: ni za majeshi yaliyokufa. Za majeshi yaliyo hai sigusi, sitafuti kesi. Alikunywa Fanta yake, akajaribu ya mwisho kwa siri akidhani siangalii, akaenda.

Basi nikajifunza. Kichwa cha kweli hutoa jasho zaidi kwenye paji la uso, kwa hiyo utepe wa ndani wa kofia ya kweli huwa mweusi mbele na kupauka kadiri unavyokwenda kisogoni. Waongo hulowesha kofia nzima sawasawa, kana kwamba askari alitoa jasho la kugawana. Halafu kuna uzi. Ukichomoa kipande kidogo ndani ya pindo na kukigusisha kiberiti, pamba inakuwa majivu, lakini nailoni inajikunja na kuwa tone gumu kama kichwa cha pini. Na hao askari wa zamani nailoni waliijulia wapi? Lakini ninachokipenda zaidi ni beji. Beji ikikaa miaka mingi mahali pamoja, jua linapausha kofia yote isipokuwa pale chini yake. Ukiinyanyua unakuta kitambaa kama kilivyotoka dukani, chenye umbo la beji ile ile, na ukungu wa kijani ulioachwa na shaba. Waongo hupausha kwanza, ndipo wanabandika beji. Ukiinyanyua ya kwao, chini yake kumepauka kama kwingine kote. Wanasahau kwamba kuna mahali jua halikufika.

Habari zikaenea. Wafanyabiashara wa Bukavu waliokuja kushonewa wakawa wananiletea kofia niziangalie. Nilikuwa nawarudishia tisa kati ya kumi, kwa raha ambayo si ya Kikristo.

Sasa nije kwa Mzee.

Mzee huyu anaishi Nkungu, ila kanisa letu ni moja na utoto wetu ni wa mji mmoja, Bukavu, ingawa wake ni wa zamani zaidi. Aliniletea koti lake nimbadilishie bitana. Alipokuwa akingoja alitazama ukuta wangu kupitia mlangoni, kisha akasema:

"Baba yangu alikuwa na kaloti kama ile ya pili."

Akanisimulia. Baba yake alichukuliwa askari wa Wabeleji, akaenda vita vya mbali, akarudi na vitu viwili: kikohozi na kaloti. Kila Jumapili aliivaa kwenda misa, akiivua mlangoni na kuikunja chini ya kwapa. Alipofariki, Mzee alibaki nayo, na walipohama kuja huku ikapotea njiani pamoja na sanduku zima. Hana picha ya baba yake. Ya mama yake pia hana. Alikuwa na ile kofia tu. Alisema ilikuwa na beji ya nyota upande wa kushoto. Hakusema kitu kingine. Ninalisisitiza hilo, kwa sababu ndipo ubaya wangu unapoanzia.

Jioni ile alikuwepo mdogo wake mume wangu, shemeji yangu, anayeuza nguo za marobota Bukavu na kuvuka kuja kula kwetu kila akinusa maharage yenye mafuta ya mawese. Ni kijana wa maneno, mchangamfu, na nakiri nilimpenda. Mtu wa nyumbani kama mimi hana jukwaa lingine zaidi ya meza ya kulia. Nikawasimulia habari ya Mzee. Nilipofika kwenye kofia niliona mume wangu anachukua wali tena bila kunitazama, hadithi inapoa, nikaona niitie chumvi. Nikasema kofia ile ilikuwa na kiraka karibu na sikio la kushoto, kiraka cha buluu, ambacho mama yake Mzee alikishona kwa kitambaa cha gauni lake mwenyewe, kwa sababu mumewe alirudi vitani na kofia imetoboka.

Kiraka hicho hakikuwahi kuwepo. Nilikitunga nikiwa na kijiko mkononi.

"Eh, Mungu wangu," shemeji akasema, akaacha kula. "Ya gauni yake?"

"Ya gauni yake," nikasema, nikajiongezea mboga.

Miezi ikapita. Mwaka huu, mvua zilipoanza kupungua, shemeji akaja barazani kwangu na kifurushi cha gazeti. Akakifungua taratibu kama padri anayefunua kikombe. Kaloti ya kaki. Beji ya nyota, kushoto. Na karibu na sikio la kushoto, kiraka cha buluu.

Mguu wangu ulisimama kwenye pedali ya cherehani.

"Niliipata kwa mama moya muzee sana kule Bukavu, Kadutu," akasema. "Ni yenyewe, maman shemeji. Ni ya baba ya ule Muzee wenu. Nilimupelekea jana kule Nkungu, nikalala kule, njo natoka kwake. Alilia kama mutoto. Aliniambia nibaki nayo mupaka siku ya sherehe, anipokee nayo mbele ya bantu."

"Sherehe gani?"

"Anataka kunipa ng'ombe."

Hapo inabidi nieleze kwa asiye wa kwetu. Shemeji hakumwomba Mzee hata senti. Alimwambia kwa unyenyekevu: mimi sitaki kitu, Muzee, nimekuletea baba yako tu. Alijua anachofanya. Mtu wa heshima wa upande huu akiletewa jambo kubwa kama hilo bila bei, atatoa ng'ombe. Na ng'ombe wa namna hiyo hauzwi wala hanunuliwi. Anatolewa mbele ya watu, kwa maneno yake, na kamba inatoka mkono huu inaingia mkono ule. Kamba ikishapokelewa imekwisha. Hairudi. Ukigundua kesho kwamba ulidanganywa, mwenye aibu ni wewe unayedai. Na Mzee ana ng'ombe mmoja tu anayekamuliwa, na wajukuu watano wanaokunywa maziwa yake.

"Na weye utakuya," shemeji akaendelea. "Bote kule banajua weye ni Maman Komanda. Utaangalia kofia, utasema neno moya tu: ni ya kweli. Ata kukaa hautakaa."

"Na kama si ya kweli?"

"Nani atajua?"

"Mimi."

Akacheka, akanipiga begani. "Weye ni muntu wa nyumba. Hiyo kujua yako ibaki nayo kwa nyumba."

Usiku ule nilimweleza mume wangu.

"Ile kiraka niliitunga mimi."

"Uliitunga?"

"Juu ya kunogesha."

"Basi weye pia ni mwongo."

"Mi ni mwongo wa meza. Yeye ni mwongo wa ng'ombe."

"Ni mudogo wangu," akasema. "Na Muzee amefurahi. Unataka nini tena? Ng'ombe itazaa ingine."

Kesho yake nilimpigia Mzee simu. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri, nimeyaandika hata kwenye karatasi ya vipimo. Lakini kabla sijafungua kinywa alianza yeye, sauti imelegea kwa furaha: "Binti yangu, umesikia? Ile kiraka ya mama yangu! Nilikuwa nimeisahau. Miaka yote hii nilikuwa nimeisahau. Niliiona tu, nikamuona yeye." Nikamwambia hongera, Muzee. Nikakata simu, nikakaa, nikaitazama karatasi yangu. Kama kuna daftari la waoga, hapo niliandikwa mstari wa kwanza.

Siku ya sherehe nilipanda pikipiki. Kwa mtu anayehesabu kwenda sokoni kuwa safari, kupanda mpaka Nkungu nikiwa nimemkumbatia dereva nisiyemjua ni jambo la kuandikwa. Kila kona nilimwambia apunguze, kila kona akaniambia, "Maman, fumba macho." Nilifumba. Nilifika nikiwa na kitenge kilichojaa udongo na mkasi mdogo ndani ya mkoba.

Uwanja ulikuwa umefagiwa. Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye kigingi, amesuguliwa mpaka anang'aa, mwenyewe akitafuna bila habari. Watu walikuwa kama thelathini, vikombe vya pombe ya ndizi mkononi. Mzee alikaa mbele, amevaa lile koti langu lenye bitana mpya, na kofia, aliyokwisha kukabidhiwa na shemeji, iko kichwani, imelala upande wa kushoto. Nitasema ukweli wote: ilimpendeza. Alikuwa amekaa wima kama mtu anayepigwa picha. Mke wa mwanawe alisimama nyuma yake, kibuyu cha maziwa kimeinama mkononi mwake, akimwangalia ng'ombe na si kofia.

Mtu mmoja wa ukoo akaanza kumsifu ng'ombe, pembe zake, mwendo wake, mama yake aliyemzaa. Watu wakaitikia. Mzee akasimama, akafungua kamba kwenye kigingi. Shemeji akanyoosha mikono yote miwili. Alinitupia jicho, jicho la kirafiki kabisa, la kusema: haya, neno lako moja.

"Mungoje," nikasema.

Sauti ilitoka nyembamba. Nikasema tena, safari hii ilitoka kama ya mwalimu. "Mungoje kwanza. Baliniita niangalie kofia. Sijaiangalia."

Mzee akatabasamu, akaivua, akanipa kwa mikono miwili. Nikatoa mkasi. Nikakata nyuzi mbili za beji nikainyanyua. Chini yake kulikuwa kumepauka vile vile kama kofia nzima. Hakuna kivuli, hakuna kijani cha shaba. Nikawaonyesha, nikawaeleza habari ya jua na shaba, nikageuza utepe wa ndani wakaona umekuwa mweusi sawasawa kuzunguka kichwa chote. Nilieleza vizuri, nadhani. Walinitazama kama unavyomtazama mtu anayeelezea ugonjwa wake.

"Beji labda ilianguka, bakairudisha," mzee mmoja akasema.

"Ilipauka kwanza kisha bakaishona," akaongeza mwingine. Wakatikisa vichwa. Ilikuwa hoja nzuri.

"Ni wivu," sauti ya mwanamke ikatoka nyuma. "Yeye ana ukuta muzima, na hii hana."

Shemeji hakukasirika. Huo ndio ustadi wake. Akasema kwa upole, akiwageukia watu, "Musimulaumu. Maman shemeji anapenda makofia kuliko bantu. Anataka tu iende kwake." Wakacheka. Hata mimi, kama ningekuwa mgeni, ningecheka. Kamba ilikuwa bado mkononi mwa Mzee, na mikono ya shemeji bado imenyooshwa.

Nilikuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Nilikuwa nimeshasema, wamekataa, dhamiri yangu ingetosheka na ndoa yangu ingepona. Nikamtazama yule mkwe na kibuyu chake. Nikajisikia nakasirika. Nilimkasirikia shemeji kidogo, lakini hasira kubwa ilikuwa juu ya kiraka. Kilishonwa ovyo. Kama ni uongo wangu, angalau angeushona vizuri.

"Kiraka hiki nilikitunga mimi," nikasema.

Vikombe vya pombe vikashushwa.

"Muzee, weye haukuniambia kuna kiraka. Uliniambia beji ya nyota, kushoto, basi. Mimi nilirudi nyumbani nikasimulia kwa meza, nikaona hadithi haina chumvi, nikaongeza kiraka ya buluu na gauni ya mama yako. Huyu alikuwa anakula pale. Muulize. Alisikia kiraka kwangu, na kiraka imekuya kwa kofia. Hiyo kofia ilitobolewa na ikashonwa mwaka huu, juu ya uongo wangu."

Mikono ya shemeji ilirudi mfukoni peke yake. Hapo watu waliona.

Lakini Mzee hakumwangalia. Aliichukua kofia kwangu, akaweka kidole gumba juu ya kile kiraka, akakisugua polepole.

"Nilimuona," akasema. "Ameketi mulangoni. Anashona, sindano inamuchoma, anaweka kidole kwa kinywa."

"Apana, Muzee," nikasema. "Ile sindano pia ni yangu."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Kwenye meza ile sikuwa nimetaja sindano wala kidole. Hayo yalikuwa yake, yametoka mahali pake. Lakini nilikuwa nimeshika moto wa kusema ukweli, na mtu aliyeshika moto huo hachagui. Uso wake ukabadilika. Mkwe wake akaja kutoka nyuma, akaitoa kamba mkononi mwake kwa upole, akamwongoza ng'ombe nyuma ya nyumba haraka haraka, kama mtu anayeanua nguo mvua ikianza. Hakuniangalia, hakunishukuru.

Mzee akanirudishia kofia. "Ng'ombe imebaki," akasema. "Sasa mama yangu nitamutoa wapi?"

Nilirudi kwa miguu mpaka barabara kubwa.

Haya, na yaliyofuata nayasema bila kupunguza. Shemeji alivuka kurudi Bukavu jioni ile ile na kwetu haji kula tena. Maharage yanabaki. Alimtuma mtu aje kuchukua kofia. Nikamjibu kwamba aje mwenyewe, mchana, majirani wakiwa wamekaa nje. Hajaja. Kofia iko kwenye droo ya mashine na haitoki, kwa sababu najua ikitoka itapata beji nyingine, na kiraka kingine, na Mzee mwingine huko Nzahaha au Gikundamvura mwenye ng'ombe mmoja. Mume wangu kwa wiki mbili alinisemesha maneno ya lazima tu: chumvi, maji, funga mlango. Siku ya kumi na tano aliniuliza, "Hii kitu ilitokea, utaisimulia kwa meza?" Nikamwambia nitaisimulia, ila sasa nasimulia nilichokisikia tu, bila kuongeza. Akasema ndiyo maana siku hizi chakula cha jioni kinaonekana kirefu hivi.

Wapo walioniambia ningemwacha Mzee na furaha yake. Kila mmoja wao ananiambia akiwa na maziwa nyumbani kwake. Wengine wanasema ningemwita pembeni, nimnong'oneze. Hilo nalikubali, hilo ni kosa, na simu ile niliyoikata ninaisikia hata leo. Lakini wanaosema ningenyamaza, hapana. Kamba ingepokelewa. Leo wajukuu wangekuwa wanakunywa chai ya rangi, na Mzee angekwenda kanisani amevaa kichwani mwake uongo wa mke wa mtu aliyekuwa anajiongezea mboga. Ningeivumilia vipi kila Jumapili, ikae mbele yangu benchi mbili, na pindo lake baya? Kama ni kuulizwa leo, ningepanda pikipiki ile tena, na macho ningefumba tena.

Kanisani Mzee anapita. Anasalimia benchi langu lote, mmoja mmoja kwa mkono. Akifika kwangu anakumbuka kitu upande wa pili. Mimi nimesema sijali. Nimesema hivyo mara nyingi, kwa watu wengi, mpaka Jumatatu iliyopita, nilipokuwa namwambia jirani yangu wa sambaza kwamba sijali hata kidogo, lakini kwamba mtu aliyeokolewa ng'ombe wake, kwa desturi za wazazi wetu, angalau hutuma mkwe wake na chupa ya maziwa. Kwamba nilikuwa hata nimeosha chupa. Yeye alikuwa amekuja kuulizia jupe yake, ile sketi ya kitenge, ambayo iko kwangu tangu kabla ya mambo haya yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, beseni la sambaza likiwa kichwani. Kisha akasema:

"Maman, ulimunyanganya muzee mama yake mbele ya bantu, na ulifanya muzuri, na hatakupenda, sasa acha kulilia maziwa ya wenyewe, leta jupe yangu."